Bangili Iliyokataa Kuzunguka

Walisema sitaweza kukaa na mzazi, mke aliyetoka kujifungua. Jamaa wa barazani kwetu, nyuma ya Darajani, walicheka mpaka kahawa ikawapalia. "Wewe fundi wa viyoyozi," aliniambia mmoja wao, "utamkanda mzazi kwa rimoti?"

Nimezoea kuambiwa sitaweza. Waliniambia sitafika Maskati, nikafika. Waliniambia sitasoma, nikarudi na stashahada ya ufundi wa friji na viyoyozi, na mpaka leo imetundikwa ukutani juu ya televisheni. Nyumba ninayokaa nimeitengeneza mwenyewe, chokaa na boriti, na hoteli nyingi za Mji Mkongwe zinapumua kwa mkono wangu.

Desturi ni mke arudi kwao, atunzwe na mama yake mpaka arubaini itimie. Mke wangu hana mama. Mama huyo alifariki kabla sijaposa. Nikasema atakaa kwangu. Shangazi yangu alikuja kutoka Bwejuu kumkanda kwa maji ya moto na kumfunga mkaja, ile nguo ya kukaza tumbo baada ya uzazi. Mimi nikachukua yaliyobaki: moto, maji, uji, na kuazima. Nyumba ya fundi wa baridi ina kila chombo cha kupozea, haina hata kimoja cha kupashia. Sufuria kubwa niliazima kwa jirani wa mbele, chetezo cha ubani kwa bibi wa ghorofani.

Kilichonishangaza si kazi. Ni mke wangu mwenyewe. Kila asubuhi, akishakandwa na kabla hajafungwa mkaja, alikuwa na shughuli yake peke yake pale dirishani. Aliizungusha bangili yake mkononi. Alibonyeza mguu kwa kidole gumba, akaitazama nyama ikirudi. Alifumba jicho moja akaukodolea mlango wa jirani wenye nakshi, kisha akafumba la pili. Hata kitambaa chake cha damu hakukitoa kufuliwa kabla ya kukikagua.

Nilimtazama kama ninavyomtazama fundi mwenzangu mbele ya mashine ambayo sijawahi kuifungua.

"Unanichungulia?" aliniuliza siku moja.

"Nnajifunza."

Akacheka. "Hospitali walituambia kila mmoja ajitazame mwenyewe: damu, homa, kichwa, macho, uvimbe. Mtoto anatazamwa na mtaa mzima. Akishatoka tumboni, mie nani ananitazama?" Akainua mkono. "Bangili hii ya mama. Ikizunguka, sijavimba, niko sawa."

Nililipenda jibu lile. Katika kazi yangu mashine haifi ghafla. Huanza kunguruma vingine, na mwenye masikio husikia. Tangu siku hiyo nikawa namuuliza kila asubuhi, "Imezunguka?" Naye hunijibu, "Imezunguka, fundi."

Asubuhi moja nikauliza, akaninyooshea mkono. Alikuwa ameishika bangili kwa vidole viwili na haikwenda popote.

"Kichwa kinanigonga toka alfajiri," alisema. "Na ule mlango nauona una vimulimuli."

Shangazi hakusita. "Baridi hiyo. Mzazi kaingia baridi, na nyumba yenyewe imejaa mashine za baridi." Akanitazama mimi, ingawa viyoyozi vyote nilikuwa nimevizima tangu mtoto azaliwe. "Nenda kaniletee pilipili manga mpya, ya mashambani Kizimbani, si hii ya dukani. Nimpikie uji mkali, kisha tumfukize."

Ufunguo wa gari ulikuwa tayari mkononi mwangu. Mke wangu akanizuia. "Usende kwenye pilipili manga. Nenda kwa mzee wa pale kona, kamuombe mashine yake ya presha."

Mzee huyo ni mwalimu mstaafu, presha ni mwenzake wa miaka. "Shikamoo, mzee." "Marahaba. Leo friji ya nani imekufa?" Nikamweleza. Akaitoa mashine pale pale. "Betri zake zimechoka kama mie," alisema.

Nilipompima mke wangu namba ilitoka kubwa, nami nikafikiri kama fundi: mashine mbovu. Nikatoa betri za rimoti ya televisheni nikazitia. Namba ile ile. Nikajipima mwenyewe, nikawa mzima. Nikamfunga na shangazi ule mpira mkononi, kwa nguvu ya mapenzi. "Mie nimekuja kukanda," alilalamika, "sikuja kukabwa na mpira." Yake pia haikuikaribia ya mke wangu.

"Ushamaliza kuipima mashine?" mke wangu aliuliza, mtoto kifuani. "Sasa twende."

Shangazi akasimama mlangoni. Mzazi hatoki kabla ya arubaini. Hilo kwetu halina mjadala. "Utapigwa na upepo, mwanangu."

"Upepo nitajifunika, shangazi. Hili la kichwa sina kanga ya kulifunika."

Shangazi alitoka pale mlangoni. Kisha akaingia chumbani, akakitoa kisu kidogo alichokilaza chini ya mto wa mzazi kumkinga na mashetani, akakifunga kwenye pindo la kanga ya mke wangu. "Basi nampakata mtoto mie," alisema, akatangulia kushuka ngazi.

Hospitali daktari aliuliza, na mke wangu akajibu yote mwenyewe: kichwa kimeanza lini, macho yanaona nini, bangili ilizunguka jana na leo imekataa. Daktari akaijaribu kwa mkono wake. Akatuambia presha huweza kupanda hata baada ya kujifungua, na anayesubiri ipoe yenyewe hujiweka hatarini. Wakamlaza. Mimi nikakaa kwenye benchi la nje, mtu nisiyeshindwa na mashine, sina hata bisibisi ya kushika. Shangazi alikaa kando yangu, mtoto mapajani. "Sie Bwejuu hili tukiliita baridi," alisema taratibu. "Wangapi tuliwapa uji."

Walipomruhusu, mke wangu alirudi nyumbani na vidonge na amri ya kujipima asubuhi na jioni. Kwa hiyo mashine ilibaki kwetu, na mzee akawa anakuja barazani kupimwa na mimi, mke wangu akishajipima ndani. Wale jamaa wa kahawa wakaanza kunyoosha mikono. "Daktari wa viyoyozi, na mie nipime." Niliwapima. Cheo kile kinanikaa vizuri.

Arubaini ilipotimia nilirudisha kila nilichoazima, na kwetu chombo hakirudi kitupu. Sufuria ilirudi na mkate wa kumimina nilioupika mwenyewe, na waliokula wataeleza. Chetezo kilirudi na udi. Mke wangu alifuatana nami, amevaa buibui lake, mtoto begani.

Tukamalizia kwa mzee. Mashine ya presha haina pa kutia mkate, nikaitia betri mpya. Akaibonyeza, kioo kikawaka.

"Inawaka kuliko nilivyokupa," alisema.

"Ndiyo malipo yake, mzee."

Mke wangu akainua mkono kumrekebisha mtoto begani, na bangili ikateleza yenyewe mpaka karibu na kiwiko.