Shangazi wa Okahandja ameniuliza mimi ni mtoto wa nani

Leo nimetambulishwa kwa marehemu.

Niko Okahandja, Namibia, mji wa njia panda ambako Waherero wamezika wakubwa wao. Nimemsindikiza Uazuva, tunayefanya naye kazi ya kulea wazee huko London. Amekuja kuzuru kaburi la babu yake.

Mimi nilidhani nitasimama pembeni tu.

Shangazi yake katupokea, gauni mpaka chini, kilemba kimechongoka pande mbili kama pembe za ng'ombe. Akapiga magoti kaburini, akamtaja Uazuva kwa babu.

Kisha akanigeukia, akauliza kwa Kiingereza. "Na wewe mgeni ni nani?"

Nikasema natoka London, Walthamstow.

"Sikuulizi unakaa wapi, mwanangu. Babu anataka kujua wewe ni mtoto wa nani."



Wengine mnajua baba alizikwa Tanga mwaka jana. Karatasi zangu za kusafiria zilikuwa hazijatoka bado, nikaenda kazini kama kawaida. Tangu siku ile sikuwahi kulitamka jina lake.

Nikapiga magoti na mimi.

"Mimi ni binti wa marehemu Saidi Kombo."

Shangazi akalirudia jina taratibu, akaongeza maneno mengi ya Kiherero. Nikamwuliza Uazuva amesema nini.

"Amemwomba babu ampokee baba yako, kama bado hajapata mwenyeji huko."

Baba, Mwislamu wa Tanga. Sijui watazungumza lugha gani.

Sikulia, msihangaike kunipigia simu.

Ila nyinyi mliofiwa mkiwa London, mkashindwa kwenda kuzika, mlifanyaje?