Usiku mmoja wa kupima bwawa la Okemwa

Saa tisa alasiri, siku ya Ijumaa, maji yamemfika Geoffrey Okemwa mapajani. Amekunja kaptura, mkono wa kushoto umeshika chaki, na wa kulia unapapasa ukuta wa bwawa polepole, kama mzazi anayetafuta mwiba katika unyayo wa mtoto.

Anapapasa hatua moja, anasogea, anapapasa nyingine. Akifika mahali panapomtia shaka, anachora duara juu kidogo ya maji na kusubiri yapande. Tangu asubuhi amechora maduara matatu. Yote matatu ameyafuta.

"Niru, hii simiti laini ya juu, iking'aa macho yanadanganyika," anasema bila kuinua kichwa. "Mkono ndio unaosikia ufa."

Bwawa hili liko nyuma ya nyumba yake huko Sironga, Kaunti ya Nyamira, kwenye mteremko kati ya chai na migomba. Lina urefu wa mita tisa na upana wa mita tano. Upande wa juu, kina chake ni sentimita sitini. Upande wa chini, mita moja na robo. Ua wa fito umelizunguka, na lango lake lina kufuli.

Kando yake umesimama mnara wa miti wenye orofa mbili. Una ngazi, daraja la kamba na mbao, na bembea mbili za matairi ya lori. Kutoka orofa ya juu unashuka mtelezo wa rangi nyeusi, wenye kona moja, unaoishia majini. Mtelezo huo ulikuwa tangi la maji lililopasuka. Okemwa alilikata vipande, akaviunganisha kwa skrubu, kisha akakaa siku mbili akisugua kingo kwa msasa ili zisimkwaruze mtu.

"Ukiondoa simiti na mabomba, hakuna kitu hapa nilichonunua kikiwa kizima," anasema.

Okemwa, mwenye umri wa miaka 46, ni mwashi. Kazi ikiwepo hupata shilingi 1,500 kwa siku. Kuna miezi ya siku ishirini na kuna miezi ya siku nane, na hapo chai ya nusu ekari ndiyo huwalisha.

Miaka sita iliyopita alikuwa miongoni mwa mafundi waliojenga bwawa la hoteli moja mjini Kisii. Alipiga plasta ukuta mzima wa upande wa kina kirefu. Kazi yake ikaisha kabla maji hayajatiwa.

"Sikuwahi kuona mtu akiogelea mle," anasema. "Mimi mwenyewe sijui kuogelea. Nilibaki nikijiuliza tu lilikuwaje."

Binti yake Joyline, ambaye sasa ana miaka 11, ndiye aliyemwanzisha. Siku moja akioga nyuma ya nyumba alimwuliza: kama baba anajua kujenga bwawa la watu wengine, mbona wao wanaoga kwenye karai?

"Jioni hiyohiyo nilipima uwanja kwa hatua," Okemwa anasema. "Nikachukua sululu."

Hiyo ilikuwa Januari mwaka jana. Alichimba jioni baada ya kazi na siku za Jumapili. Jumamosi hakugusa chombo, maana wao ni Waadventista, na Sabato yao huanza Ijumaa jua likizama. Kwa ajili ya nguzo za mnara, alikata mikaratusi kumi na minne iliyokuwa chini kidogo ya shimo hilo. Miti ilikuwa mizuri, imenyooka, na haikuwa ya mtu mwingine.

Hapo ndipo alipokosea.

Bi. Nyanchera, mama yake mwenye miaka 78, alikuwa amemwonya. Alipoolewa katika boma hili, wanawake walikuwa wakiteka maji ya chemchemi hapohapo penye miti. Mikaratusi ilipopandwa ikayanywa maji, chemchemi ikakauka, na watu wakaisahau.

"Nilimwambia hapo ni mahali pa maji," anasema mama huyo akiwa ameketi kwenye kigoda kando ya ua. "Akaniambia, 'Mama, hiyo ni habari ya zamani.' Fundi ni yeye, nikamwacha."

Miti ilipoondoka, chemchemi ilirudi. Mvua za Aprili zikaipa nguvu. Bwawa lilikuwa limekamilika lakini bado tupu, na maji yaliyokuwa chini yakaanza kusukuma. Asubuhi moja ya Mei, Okemwa alikuta sakafu imeinuka katikati kama chapati iliyofura, imepasuka kutoka pembe hadi pembe.

"Nilijenga kuzuia maji yasitoke," anasema. "Sikufikiria yale yanayotaka kuingia."

Habari ilifika soko la Kebirigo kabla ya saa sita mchana. Wachumaji wa chai waliokuwa wakienda kupima majani walipitia hapo kuangalia. Jirani yake, Angwenyi, anayemwita "omogaka", yaani mzee, kama wanaume wa huku wanavyoheshimiana hata wakitaniana, alimwuliza kama sasa anajenga mlima.

Wiki tatu zilipita. Kisha Okemwa akavunja sakafu yote kwa nyundo. Akachimba mtaro chini yake, akatandaza kokoto, akalaza bomba lililotobolewa matundu, akaliongoza hadi chini ya shamba. Ndipo akamwaga zege upya. Leo bomba hilo linatiririka mchana na usiku, na majirani wanateka maji kama zamani.

"Ng'ombe wangu wanakunywa hiyo maji," anakiri Angwenyi. "Lakini kumcheka bado namcheka. Ng'ombe ndio wanashukuru, si mimi."

Mke wa Okemwa, Jemimah, hakucheka. Aliweka sharti.

"Nilimwambia, Baba Joyline, mara ya pili ndiyo ya mwisho," anasema. "Bwawa la kuogelea likivuja, kila siku unamwaga dawa ya maji kwenye udongo, na dawa hainunuliwi kwa majani ya migomba. Likivuja, nafuga samaki. Samaki ukiwaongezea ndoo mbili hawalalamiki. Nimeshauliza bei ya vifaranga vya samaki."

"Ameshauliza," Okemwa anathibitisha kutoka majini.

Kwa hiyo jambo lote liko katika usiku wa leo. Amelijaza kwa awamu tatu, akipumzisha siku mbili kila awamu. Hii ndiyo ya mwisho.

Saa kumi na mbili na robo maji yanafika mstari wa vigae. Okemwa anafunga mpira wa maji, anatoka, na kukwaruza alama ukutani kwa msumari. Kisha anajaza ndoo, anaiweka kwenye kidato cha juu cha ngazi ya kushukia bwawani, kilichozama nusu, na kuitia alama pia.

Jua na upepo, anaeleza, vitapunguza maji ya ndoo na ya bwawa sawasawa. Bwawa likipungua kuliko ndoo, linavuja.

"Na ikinyesha?" anauliza Angwenyi, akitazama wingu lililo upande wa Marani.

"Itanyeshea vyote viwili."

"Umefikiria, omogaka."

"Mara hii nimefikiria."

Akipita mtihani huu, ana mipango. Anataka mwalimu wa kuogelea aje kutoka Kisii kila Jumapili, awafundishe watoto wa kijiji kwa ada ndogo. Mtu mmoja wa Kebirigo amemwomba amjengee la kwake. Okemwa amemjibu asubiri kwanza waone hili. Na anataka kuwa mwanafunzi wa kwanza, upande wa sentimita sitini.

Mbao mbili za daraja hazijapigiliwa. Anainua nyundo, anaangalia jua, anairudisha sandukuni.

"Kesho tukitoka kanisani tunaingia?" Joyline anauliza.

"Kesho tunaangalia," anajibu Jemimah. "Kuangalia si kazi."

"Na kuingia?"

"Kuingia kunategemea baba yako na hao samaki."

Bi. Nyanchera amesogeza kigoda chake hadi ukingoni. Ameinama, pua karibu na ukuta, anakagua alama ya msumari.

"Haijapungua," anatangaza.

"Ni dakika tano tu, Mama," anasema Okemwa.

"Ndiyo nasema, hizo tano hazijapungua."

Kutoka sebuleni wimbo wa kuikaribisha Sabato unaanza. Okemwa anafunga lango la ua, anatia ufunguo mfukoni, na kuwafuata wengine ndani. Mlangoni anageuka mara moja kulitazama bwawa, kisha anavua viatu vyenye simiti na kuingia.