Kifundo Nisichokifunga Kaaga

Niliondoka Gachoka, kwetu Mbeere, kwa sababu ya kifundo kimoja cha mguu ambacho nilikuwa sijakiona bado. Chuo kimoja pale Kaaga, mjini Meru, kilikuwa kinafungua masomo ya uzamili ya utunzaji wa wanariadha, yaani kuwakinga na majeraha na kuwashughulikia wanapoumia uwanjani. Waombaji tuliitwa siku ya uzinduzi, kila mmoja afunge kifundo cha mwanariadha kwa plasta mbele ya walimu. Ambaye angefunga vizuri ndiye angepata nafasi.

Mimi ni mwalimu wa michezo wa shule ya kutwa. Kufunga nilijifunza mwenyewe kwa video za simu, nikiwafunga magolikipa wangu, na wakichoka, nafunga mguu wa meza. Naungama: mkunjo mmoja ukionekana kwenye plasta, nabandua yote na kuanza upya. Nafasi hiyo niliitamani hadi nikaogopa kuitaja kwa sauti.

Asubuhi, Gachoka. Rajabu, mchinjaji wa Majengo kule Meru, ambaye hununua mbuzi kwa baba yangu, alikubali kunibeba kwenye pikapu yake. Akimpakia beberu wa mwisho, aliteleza na mguu ukapinda.

“Umeumia, mzee?”

“Mimi? Aliyeumia ni beberu, roho.”

Tulipoipita Embu, barabara ikaanza kuzunguka ubavu wa mlima, na ukungu ukatupokea. Mito ilikuja mmoja baada ya mwingine. Kila tulipovuka daraja hewa ilibadilika, kana kwamba tumefungua mlango wa chumba kingine: chumba cha migomba, chumba cha majani chai, chumba cha moshi wa kuni za asubuhi. Mbuzi nyuma walinyamaza. Nilisahau kwamba ninaogopa, nikakumbuka tena tulipofika Chuka.

Alasiri, Majengo. Mama Fatuma, mkewe Rajabu, alitupa chai ya tangawizi, nami nikapiga magoti kuushika ule mguu.

“Hapa panauma?”

“Hata kidogo,” Rajabu akasema, huku ameukamata mkono wangu hadi vidole vikalia.

Mama Fatuma akacheka. “Mwalimu, usiusikilize huo mdomo. Siku namzaa Fatuma, huyu alinishika mkono. Uzazi ulipoa, mkono haukupoa!”

Nikamfunga, nikaona mkunjo, nikabandua. Mara ya tatu Rajabu akaniuliza, “Huu mguu unaufunga ama unaupamba?”

Kesho yake, Kaaga. Uwanja ulikuwa na umande, na wingu lilikuwa limeshuka hadi kwenye miti, hivi kwamba wageni waliokaa chini ya hema walionekana kama wanaelea. Mbele yao wasichana wawili walishika utepe. Mkimbiaji wa chuo, kijana aitwaye Mutwiri, angekimbia mzunguko mmoja na kuukata utepe huo kwa kifua, na masomo yawe yamefunguliwa. Mguu wake ulipinda mazoezini juzi yake. Nilipangiwa yeye.

Nikauliza kama video zinavyofundisha. “Panauma hapa?”

“Hapana, mwalimu. Funga tu.”

Macho yake hayakupepesa. Niliyajua macho hayo. Kwetu Mbeere, kama kwao Meru, kijana anayetahiriwa hufunzwa asipepese jicho mbele ya watu, na mimi nilikuwa namuuliza kuhusu maumivu mbele ya hema zima. Hata mimi ningejibu hivyo. Nikamkumbuka Rajabu. Nikampa Mutwiri mkono wangu wa kushoto.

“Usiniambie kitu. Finya tu.”

Nikabonyeza nyama: akafinya kidogo. Nikabonyeza ncha ya mfupa wa nje. Uso wake ulitulia kama maji ya mtungi, lakini vidole vyangu vilipotelea ndani ya ngumi yake.

Nikaiweka plasta chini. “Hakimbii.”

“Boss, usinichome mbele ya watu,” akaninong’oneza. “Mamangu ameketi pale.”

“Hata wangu angekuwa pale, hukimbii.”

Daktari Kendi, mkuu wa masomo hayo mapya, akasogea. “Mwalimu, wenzako wote wamefunga. Wewe hujafunga.”

“Sijafunga. Mfupa huu upigwe picha kwanza.”

“Na kama umekosea?”

Swali hilo nimelikimbia maisha yangu yote. “Yeye atakuwa amekosa mzunguko mmoja,” nikasema, “nami nafasi.”

Daktari Kendi akaenda kwa wale wasichana, akauchukua utepe na kuuleta kwenye benchi letu. Mutwiri akaukata kwa mkasi wangu wa bendeji. Mama yake akapiga vigelegele, na wingu likavibeba hadi ng’ambo ya uwanja.

Mutwiri alipokuwa akiinuliwa kuingizwa garini kwenda hospitali, Daktari Kendi akaniambia, “Darasa linaanza Jumatatu. Picha iseme isemavyo, uje.”

Nilirudi kwa basi, kando ya dirisha. Nafasi nilikuwa nayo, lakini daraja baada ya daraja nilijiuliza kama nilimnyima kijana wa watu siku yake bure. Mkono wa kushoto ulikuwa umevimba.

Tulipofika Runyenjes, ujumbe ukaingia kutoka kwa Mutwiri. “Mwalimu, picha inaonyesha mfupa uko na ufa. Mum anasema asante. Mkono uko aje?”

Nikaandika: “Hauumi hata kidogo.” Nikausoma. Haukuwa na kosa hata moja. Nikaufuta wote, nikaanza upya.

“Unauma.”