Safari ya Kwenda Kuona Tu

Kwetu mtu hasafiri bila sababu. Unakwenda msibani, unakwenda kuuza ufuta, unampeleka mgonjwa kwa mganga, basi. Ukiulizwa njiani unakwenda wapi, jibu lazima liwe na mtu ndani yake, au mzigo. Kwa hiyo niliposema nataka kwenda kuona tu, mjomba wangu aliliweka chini jembe alilokuwa akilitia mpini, akanikazia macho kama ananitafuta homa usoni.

"Kuona nini?"

"Bahari," nikasema. "Na milima ya Rondo. Halafu nirudi kwa njia ya pori la Mbwemkuru."

"Umefiwa huko?"

"Hapana, mjomba."

"Una ndugu huko?"

"Sina."

"Sasa wewe, utaona nini?"

Mimi nikibanwa kwa maswali huwa nakasirika. Nikamwambia nikijua nitaona nini sina haja ya kwenda. Akacheka kwa uchungu, akaniambia niende zangu, ila nikumbuke kwamba nina wakwe.

Hapo alinigusa penyewe. Nilikuwa na mchumba Mbekenyera, binti mcheshi kuliko mimi, na kwa mila zetu Wamwera mwanamume ndiye anayehamia kwa mke. Unajenga kwao, unalima kwao, na mama yake humwangalii usoni wala yeye hakuangalii wewe. Akitaka kukuambia jambo analipitisha kwa kaka yake. Huyo kaka, yaani mjomba wa binti, alikwishaniambia: kabla ya mvua za kwanza uwe hapa na panga lako, tukuonyeshe mahali pa kujenga. Nisipofika, au wakisikia habari mbaya juu yangu, binti ana watu wengine wanaomtaka. Nami nilimpenda, nasema wazi. Lakini kiangazi kilikuwa bado kirefu, na mimi nilikuwa na baiskeli.

Baiskeli niliipata Nachingwea, wakati Wazungu walipokuja kufyeka pori ili walime karanga. Nilikuwa msaidizi wa dereva wa trekta. Trekta mbili zinaburuta mnyororo mnene katikati yao, na miti inalala chini yote, mikubwa kwa midogo. Wenzangu wakiukumbuka wakati ule wanasimulia vumbi, kelele na mishahara. Mimi nakumbuka siku miti ya mbele yetu ilipokwisha. Nimezaliwa upande wa Likunja, ndani ya pori. Jua tulikuwa tunaliona likishapanda juu ya miti, na mbali kwetu maana yake ni mwisho wa shamba. Siku ile nilisimama juu ya trekta, nikaiona nchi inakwenda, inakwenda, haizuiwi na kitu, mpaka inagusana na mbingu. Subhanallah! Nikamshika dereva bega nikamwonyesha. Yeye mtu wa pwani, akatazama, akasema, "Hiyo? Hiyo si kitu. Hujaiona bahari wewe." Tangu siku hiyo sikutulia.

Kazi ya karanga ilipokufa na watu tukaachishwa, nikafunga kwenye keria mkeka, blanketi, sufuria na unga wa muhogo, nikaning'iniza kibuyu cha maji kwenye usukani, panga kiunoni. Nikaondoka peke yangu.

Siku za mwanzo nililala vijijini kama mtu mwenye adabu. Lo! Hapo ndipo niliposhindwa. Kila jioni ni yale yale: unatoka wapi, unakwenda kwa nani, umefiwa, una kesi? Nikisema nakwenda kuona bahari, wanatazamana, kisha mmoja anauliza tena kwa upole, kana kwamba sikumsikia vizuri. Kijiji kimoja mbele ya Mtama, mama mwenye nyumba aliniletea ugali akauweka mbali, akausukuma kwa mwiko. Nikasema basi. Usiku uliofuata nilisukuma baiskeli kando ya njia, nikakata matawi, nikawasha moto wangu, nikalala kwa raha zangu. Hakuna aliyeniuliza kitu. Nikaona hii ndiyo safari.

Sikufikiri kwamba moto wa mtu mmoja huonekana kutoka mbali. Kwetu anayelala porini peke yake huku vijiji vipo ana jambo anafanya, tena si la kheri. Hilo nililijua tangu utotoni. Nililijua, nikalipuuza, kwa sababu nilikuwa nimechoka kuulizwa.

Bahari niliinusa kabla ya kuiona. Baada ya Mingoyo upepo ulibadilika, ukaja na harufu ya chumvi na kitu kilichooza, si vibaya. Njia ikapanda kidogo, na nilipofika juu nikadhani mbingu imeshuka hadi chini na mimi sasa naitazama kutoka juu yake. Nikashuka kwenye baiskeli. Nikaiacha ikaanguka. Ile rangi sina neno lake hata leo na nina wajukuu. Kilichonitisha zaidi ni kwamba ilikuwa inatikisika yote kwa pamoja, mwanga juu yake unakimbia huku na huku, na hakuna anayeitikisa. Machozi yalinitoka, nami si mtu wa machozi. Nikasema kwa sauti, "Ona!" Nikageuka kumwonyesha mtu. Hapakuwa na mtu.

Mjini Lindi sikukaa. Nilipita mpaka ufukweni mahali pasipo na nyumba, nikatandika mkeka kwenye mchanga mkavu, mbali kabisa na maji, nikaweka na sufuria yangu pembeni, nikasinzia. Nilichoamshwa nacho ni baridi ya miguu. Maji yamekuja! Mkeka unaelea, sufuria inaondoka taratibu kama mtu anayeaga. Nikaikimbilia nikiwa na nguo zote, nikaikamata, nikaitukana bahari matusi yote ya Kimwera niliyonayo. Mama mmoja aliyekuwa anatoka kuokota chaza alikaa chini kwa kicheko.

"Wewe wa bara, eh?" akaniambia. "Maji yanapwa, yanajaa. Kila siku."

"Yanakwenda wapi?"

"Yanakwenda huko, yanarudi."

"Nani anayarudisha?"

"Haa! Niulize mambo ya chaza, baba."

Kesho yake nilikaa tangu asubuhi kuyaangalia yakiondoka. Yaliondoka polepole, bila fujo, yakaacha mchanga mpana wenye mikunjo midogo, na kaa wadogo wakatoka mashimoni kama watu waliosikia mvua imekatika. Nchi nzima iliyokuwa imefichwa ikawa wazi. Kisha, mchana, maji yakaanza kurudi, na yalirudi mpaka mahali pale pale. Nilihisi udogo wangu siku ile, na wala haukuniuma. Ulinipa raha.

Kutoka pwani nilirudi nyuma kidogo, kisha nikakata kulia kupanda Rondo. Kupanda kule ni kusukuma baiskeli, jasho hadi viatuni. Lakini juu! Nilizoea pori letu la miti ya kiasi, linalokauka kiangazi likabaki vijiti. Kule niliingia chini ya mivule ambayo watu watano wakishikana mikono hawaizunguki, na ukungu unapita katikati yake asubuhi, na ndege wanalia huko juu usikowaona. Baridi ikanikamata meno. Nilikuwa nimeitumikia trekta iliyoangusha miti, na pale chini ya mvule niliona haya, kweli. Nikauwekea mkono mti mmoja. Nikauambia samahani. Mtu akicheka na acheke.

Nikateremka upande wa pili, nchi ikakauka tena, ikawa nyasi za rangi ya ngozi ya swala na miiba. Njia za watu zikawa chache. Nikafika bonde la Mbwemkuru, mto ukiwa mchanga mtupu, mweupe na mpana; ukichimba kiasi cha kiwiko unapata maji matamu. Mbung'o walikuwa wananila hai, nikachukua majivu ya moto wangu nikajipaka uso mzima, mikono na shingo. Dawa nzuri, ijaribuni.

Asubuhi, jua likiwa chini bado, nikasikia matawi yanavunjika ng'ambo. Wakatoka tembo. Majike na watoto wao, wakavuka mchanga bila sauti yoyote. Hiyo ndiyo iliyonishangaza: wakubwa vile, na hatua zao husikii. Mmoja alisimama, akachimba kwa mguu, akangoja maji yajae, akanywa, mwingine akaja akanywa pale pale. Walikuwa karibu hata niliona kope zao. Nilisimama nyuma ya mti, nimesahau kuogopa, nanong'ona, "Ona! Ona, jamani, ona!" kama mwendawazimu.

Tembo walipokwisha kupita nikageuka, nikawaona wanaume wawili na vibuyu vyao vya asali. Warina asali. Wamekaza macho kwangu. Nikatabasamu, nikasema, "Habari za asubuhi, ndugu zangu." Wakatupa vibuyu na kukimbia.

Nilichukia sana. Watu gani hawaitikii salamu? Niliwapigia kelele warudi kuchukua asali yao, na nadhani hiyo iliwaongezea mbio. Sikukumbuka uso wangu ulivyo kwa majivu. Wala sikujua kwamba wale ni watu wa Mbekenyera, na kwamba mwezi ule simba alikuwa amemchukua mama mmoja kisimani, na kijiji kizima kilikuwa kinasema yule si simba wa kawaida, ni mtu anayejigeuza.

Basi nilipofika Mbekenyera, nimeoga vizuri kwa maji ya kuchimba mtoni, nimevaa kanzu yangu safi, watoto walikimbilia ndani. Milango ikafungwa. Nikaenda moja kwa moja kwa mjomba wa mchumba wangu. Nikawakuta wanaume wamekaa, mikuki imeegemezwa ukutani, na wale warina asali wapo. Nyuma ya ua wa mabua nikajua kina mama wapo, na mama mkwe yupo, kwa sababu mjomba alikuwa kila mara anageuza sikio upande ule.

"Ni yeye," akasema mmoja wa wale wawili, akiionyesha baiskeli yangu kwa kidole.

Mjomba akaniuliza ni kweli nimekuwa nikilala maporini peke yangu. Nikasema kweli. Watu wakaguna. Nikapandwa na hasira.

"Kama mimi simba," nikasema, "mbona nimekonda hivi? Simba gani anakula ugali wa muhogo bila mboga?"

Mtu akacheka, akajizuia. Mjomba hakucheka. Akainamia ua, akasikiliza, akarudi kwangu na maneno ya dada yake. "Anasema, mwanangu simpi mtu anayekwenda mahali asipoitwa. Anasema, aeleze alifuata nini, na asipoeleza arudi kwao leo hii."

Nikatazama chini. Nilijua binti yuko nyuma ya ua ule na yeye anasikia. Nilijua nikisema "kuona tu" nimekwisha. Lakini sikuwa na lingine, na uongo ungenikaa vibaya mdomoni. Nikaanza. Nikawaeleza siku niliposimama juu ya trekta. Nikaeleza rangi ya bahari nikashindwa, nikarudia, nikashindwa tena. Nikawaeleza ukungu wa Rondo, na tembo anayengoja maji yajae kwenye shimo lake. Nikawaeleza jinsi maji ya bahari yanavyoondoka yote mchana kweupe, yakaiacha nchi wazi, kisha yanarudi mpaka pale pale yalipokuwa, kila siku, bila kukosea. Nikasema, kila nilipoona kitu nilisema "ona", na hapakuwa na wa kumwambia. Hilo ndilo kosa langu. Sikumla mtu.

Warina asali walikuwa wameinamisha vichwa. Mjomba akageuza sikio upande wa ua, akingoja neno.

Halikupita kwake. Sauti ya mwanamke ilitoka nyuma ya mabua, ikanijia mimi, moja kwa moja.

"Na hayo maji," akauliza mama mkwe wangu, "yakishakwenda, yanajuaje kurudi?"

Wanaume wakashtuka. Mjomba alishika mdomo. Mama mkwe anasema na mkwewe mbele za watu! Mimi niliyesahau kuogopa mbele ya tembo, hapo niliogopa.

"Sijui, mama," nikasema. "Nilimwuliza mtu wa huko, naye hajui."

Nikasikia bangili zake, nikasikia anavuta pumzi. Kisha akarudia adabu yake, akamwita kaka yake karibu, lakini alisema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia.

"Mwambie nyumba yake ajenge hapa, karibu na ua wangu. Akiwa anamsimulia mwanangu, na mimi nisikie."