Jogoo wa Siku ya Mtihani

Mwalimu mkuu wetu hapa kijijini Valea Mierlei ana mikono isiyotulia: akiongea anakunja hewa, akinyamaza anakunja kofia. Mtihani wa taifa ukifika, wasimamizi wanatoka shule nyingine, kamera inarekodi mpaka sauti, naye haruhusiwi kuingia. Basi anazunguka uani akinyamazisha kijiji. Mwaka huu wizara imesema alama zikishuka tena, shule inafungwa. Asubuhi ya mtihani akanijia.

"Jirani, hebu nipe huyo jogoo wako mpaka watoto wamalize."

"Mchukue, ila anadonoa."

Akamfungia ndani ya koti, tukasimama nje ya dirisha la darasa. Humo ndani Ilinca, mwanafunzi aliye tegemeo lake la hesabu, alishaweka kalamu chini, kumbe ukurasa wa nyuma hajaugusa. Mwalimu mkuu kwa uchungu akambana jogoo, jogoo akawika. Watoto wote wakageukia dirishani, wakamkuta mwalimu mkuu anazungusha kiganja kama mtu anayepindua sufuria ya mamaliga, ugali wetu wa mahindi.

"Mwalimu mkuu, unawapa ishara?" msimamizi akauliza.

"Namtuliza ndege, mama."

Darasa zima likageuza karatasi. Msimamizi akachukua ya akiba, akaigeuza na yeye aone kuna nini nyuma.