Jaji Alivyomwiga Mzee Pini

Wewe uliyemwona Jaji jukwaani tu, una haki ya kuapa kwamba mwanamuziki yule hajawahi kuwa na meno. Suti nyeusi, gitaa kifuani, uso umekunjwa kama anayesoma hukumu. Ndipo lilipotoka jina. Lakini mzee aliyemshonea suti hizo alimjua Jaji mwingine kabisa.

Jaji huyu wa pili, akishafunga mlango wa chumba cha fundi, alikuwa mtoto. Alijitia ndani ya gauni la bibi harusi lililokuwa likingoja pindo, akatembea kwa maringo mpaka kwenye kioo. Aliwaiga wateja: mwalimu mkuu anayevuta tumbo ndani akipimwa kiuno, mama mchungaji anayedai nguo imesinyaa, kumbe mwili ndio uliofutuka. Fundi alicheka mpaka akaishikilia cherehani asianguke. Wala hakumwambia mtu, hata mkewe. Mambo ya mteja ni kama bitana ya ndani ya koti, alisema, hayaonyeshwi barabarani.

Naye fundi alikuwa na lake. Alikuwa na kigugumizi tangu utotoni, na dawa yake ilikuwa pini. Mteja akibisha hodi tu, anazibana tatu nne midomoni, basi neno likikwama watu wanadhani ni pini. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mzee Pini, na kwa upendo. Siri hiyo alimpa Jaji peke yake, siku moja walipochoka kucheka. Jaji hakucheka. Alimshika bega akasema, "Kwangu imefika, haitoki, mzee wangu."

Alasiri moja suti mpya ilikuwa tayari, mzee akaona aipeleke mwenyewe kwenye chumba cha mazoezi. Mlango ulikuwa umeegeshwa. Ndani hapakuwa na muziki, palikuwa na vicheko. Alifurahi kwa ajili yake: kumbe siku hizi anawachekesha na wenzake! Akachungulia.

Jaji alikuwa amesimama katikati ya bendi, njiti za meno midomoni, akimpima mpiga ngoma kifua.

"Mi-mi-mikono juu, mwa-mwa-mwanangu."

Kisha akazitema njiti kiganjani na kuwaeleza wenzake pini za mzee zina kazi gani. Mpiga ngoma alicheka machozi yakamtoka. Fundi aliitundika suti kwenye kitasa, akarudi alikotoka.

Kuigwa hakukumuuma sana. Zamu ya mama mchungaji na ya mwalimu mkuu yeye mwenyewe alikuwa amecheka, na jambo hilo alilitafuna njia nzima. Kilichomchoma ni yale maelezo. Kuiga ni utani. Kueleza ni kumvua mtu nguo.

Juma lililofuata Jaji alikuja, suruali inambana. Akafunga mlango, akavaa kofia ya harusi ya bibi mmoja, akaanza sauti ya mwalimu mkuu. Mzee alichukua futi ya kupimia. Midomoni hakuwa na kitu.

"Kulikoni, mzee wangu? Kuna msiba?"

"Si-si-simama wima, mheshimiwa."

Miaka yote alikuwa akimwita mwanangu. Jaji aliitazama ile midomo mitupu, akaikumbuka suti aliyoikuta kwenye kitasa, akavua kofia taratibu, akaelewa. Alisimama wima, na uso ule wa jukwaani ukarudi wenyewe.

Mzee alipima kiuno, akatia alama ya chaki.

"I-i-itakuwa tayari Jumamosi," alisema. "Tu-tu-tuma mtu aichukue."