Siku Tuliyokabidhiwa Ng'ombe

Mimi nimekulia ndani ya ua wa minyaa, pale Mandewa, kwenye kituo cha watoto wasio na wazazi. Dunia ya nje tuliijua kwa kuisikia tu: mbuzi, baiskeli, wanawake wakienda kisimani huku wanacheka. Kila jambo letu lilikwenda kwa kengele, yaani rimu ya lori iliyoning'inizwa kwenye mti. Ikilia tunaamka, ikilia tunakula, ikilia tunapanga mstari, wafupi mbele. Usinicheke, ndivyo tulivyolelewa.

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa akaletwa mwalimu mlezi kijana, maneno mengi, suruali pana. Akamwambia Mama Mlezi, mkuu wa kituo, kwamba mtoto hawezi kujifunza kujitegemea akiwa amefungiwa kama kuku. Mama Mlezi alikuwa mkavu, hapotezi neno. Akatoa ruhusa ya Jumamosi moja, twende tukachunge na wafugaji upande wa Ilongero.

"Akipotea mmoja, au akirudi hata na mchubuko, hamtoki tena mpaka mmalize la saba. Mmesikia?"

Tulisikia. Lakini nani alilala usiku ule? Thubutu!

Tulipanda lori la ushirika lililokuwa linafuata mtama. Upepo ule! Majabali yale! Nilipiga kelele mpaka koo likakauka. Jamani, kumbe nchi ni kubwa hivi, na mimi nilikuwa naibiwa kila siku.

Mwenyeji wetu alikuwa mama mmoja mfugaji, mnene, mcheshi. Tulimwamkia shikamoo wote kwa pamoja, kwa sauti ya darasani, ng'ombe wakashtuka wakarudi nyuma. Alicheka hadi akashika kiuno.

"Marahaba, wanangu. Taratibu lakini, mimi si kiziwi."

Akamkabidhi kila mmoja wetu ng'ombe wake. "Huyu ni wako. Popote aendapo, upo. Usihangaike na wa mwenzako." Mimi nilipata dume jeusi lenye kiburi, tukaelewana kwa sababu hata mimi sina adabu sana. Mdogo wetu kuliko wote, kabinti kapole ambako kuongea kwake ni mpaka uulize mara tatu, kakapewa jike jekundu lenye tumbo kubwa.

Asubuhi nzima nilikuwa na raha hata nikasahau njaa. Mchana tukashusha kundi lamboni ili linywe maji, na hapo ndipo tukagundua kwamba kabinti hakapo.

Mwalimu alibadilika rangi. Tukatawanyika vichakani tukiita. Niliogopa kwa ajili yake, na nilikasirika pia, haki ya Mungu: ndiyo kwanza nimeionja siku, halafu nirudishwe kwenye minyaa mpaka la saba? Nikaita mpaka machozi yakanitoka.

Mwalimu, akili zimemruka, akanyakua jembe la mwenyeji na kuligonga kwa jiwe. Ngaa! Ngaa! Ngaa! Alitaka mtoto asikie. Lo! Sisi wengine wote, kutoka kila kichaka, tukaja mbio tukapanga mstari mbele yake, wafupi mbele, mikono nyuma.

Mama mfugaji akatukodolea macho. "Hawa vipi? Si walikuwa wanatafuta?"

Mwalimu akajishika kichwa.

Nikiwa mstarini nikaona nafasi tupu pale mbele kabisa. Kabinti kale hakakuwahi kuchelewa kengele, hata kakiwa na homa. Basi kama kamesikia na hakakuja, kuna kitu hakawezi kukiacha. Nikapayuka bila kunyoosha mkono:

"Ng'ombe wake yuko wapi? Yule mwekundu!"

Mama mfugaji akazungusha macho kwenye kundi, akapiga kofi. "Amejitenga! Anazaa!"

Tulikimbia, acha tu! Nyuma ya jabali, kwenye kivuli cha mgunga, jike jekundu lilikuwa linamlamba ndama mbichi, miguu inamtetemeka. Kabinti kamechuchumaa pembeni, mkono umechanwa na miiba, damu inatiririka. Kakatugeukia sisi wakubwa wote.

"Shiii! Anajifunza kusimama."

Ndama akasimama. Nikapiga kigelegele changu cha kwanza maishani. Kilitoka kibaya, lakini kilitoka!

Mama mfugaji akakashika bega. "Hapa kwetu, aliyemwona ndama akizaliwa malishoni ndiye mlezi wake. Uwe unakuja, akujue. Usipokuja atakusahau."

"Nitakuja," kakasema, bila kuulizwa hata mara moja.

Njiani tuliimba, lakini kila mmoja alikuwa anautazama ule mkono. Tulijaribu kuufunika kwa mikono ya gauni, haikufika. Mama Mlezi alitupokea langoni na jicho lake likatua palepale.

"Nilisemaje mimi?"

Kabinti kakasogea mbele.

"Mama, nimepewa mtoto wa kulea. Ni ndama. Nimemwambia nitarudi."

Karibu kila mmoja wetu pale alikuwa na mtu wake aliyemwambia hivyo hivyo, siku aliyomleta hapa, na hakurudi.

Mama Mlezi akainama, akalowesha pindo la khanga kwa mate, akafuta ile damu polepole.

"Umemwambia utarudi?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi Jumamosi utarudi."